Shule Ndogo na Safari Ndefu

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, kwenye bwalo la shule. Mhariri amepunguza salamu tu.)



Wazee wa pwani hii husema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Leo nimerejea ngamani. Bwalo ni lile lile, upepo wa bahari ni ule ule, na harufu ya maharage haikubadilika. Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu.

Ndugu Mwenyekiti aliponiandikia barua alinitaka niseme juu ya michezo na nidhamu. Nimemwomba ruhusa nigeuze kidogo. Juu ya nidhamu vijana hawa wanahubiriwa kila asubuhi kwenye mstari, na mimi nilipokuwa hapa sikuwa mfano mzuri. Nitasema juu ya michezo na nauli. Nataka tutazame jinsi mashindano ya shule yanavyopangwa, gharama yake inavyogawanywa, na linalozipata shule ndogo kama hii yetu kila ramani ya mashindano inapopanuliwa. Mtasema hayo ni mambo ya makarani. Ni kweli, na mimi ni karani. Lakini katika makaratasi ya karani, aghalabu kuna mtoto wa mtu.

Niliingia hapa Kidato cha Kwanza Januari 1996. Wanafunzi hatukuzidi mia nne. Kila baada ya Jumamosi moja tulikuwa na mchezo na majirani. Shule zilizokuwa karibu tulizifuata kwa miguu, tumetundika viatu shingoni, wale waliokuwa navyo. Zilizokuwa mbali kidogo tulizifuata kwa lori la shule, na jioni tulikuwa tumekwisha rudi. Wenyeji walitupa muhogo wa kuchemsha na madafu, nasi walipokuja kwetu tuliwapa hivyo hivyo. Mpira wa miguu ulikuwapo, mpira wa wavu ulikuwapo, na riadha ilikuwapo. Kijana asiyejua mpira alirusha mkuki, na asiyeweza mkuki alipiga ngoma. Sikumbuki mtu aliyekaa bure.

Mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa za El Niño zilizoharibu barabara nyingi nchini, mambo yakapangwa upya. Ikaamuliwa kwamba raundi ya mwanzo isichezwe tena baina ya majirani, bali shule zote zikutane katika kituo kimoja huko bara, kwa siku sita, zimalize kazi mara moja. Hoja ilikuwa nzuri: waamuzi wangekuwa mahali pamoja, usimamizi ungekuwa mwepesi, na masomo yasingekatizwa mara kwa mara. Kila shule ikaambiwa ijitegemee kwa usafiri na chakula, na itoe mchango ulio sawa na wa shule nyingine.

Orodha yetu ilikuwa na majina 34. Lori liliweza kubeba watu 30. Tulikuwa tumekwisha panda, wengine wamekaa juu ya magunia ya unga, mwalimu wa michezo alipokuja na kalamu yake. Akasoma majina manne. Wote wanne walikuwa wa riadha. Mpira wa miguu ulihitaji wachezaji wa akiba, na mimi nilikuwa mmoja wa hao.

Miongoni mwa walioteremshwa alikuwa kijana wa Msimbati, mwana wa mvuvi. Wenzangu wa miaka ile mnamjua, sina haja ya kumtaja. Alikuwa akikimbia mita 1,500 na 5,000. Mbio zake alizipata kwenye mchanga wa Ruvula, na alipokanyaga udongo mgumu wa uwanja wetu ilikuwa kama amefunguliwa kamba miguuni. Aliteremka bila neno. Kisha akageuka, akanirushia blanketi lake, kwa kuwa alijua langu lilikuwa limechanika. Akasema huko bara Juni kuna baridi.

Tuliporudi baada ya siku sita, kitanda chake kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwenda kwao, na hakurudi tena. Sitasema kwamba aliacha shule kwa ajili ya lori peke yake. Kwao kulikuwa na shida, na baba yake alimhitaji chomboni. Lakini wote tuliolala naye bweni moja tunajua kwamba kilichokuwa kimemshikilia hapa kilikuwa zile mbio. Mimi nilibaki na blanketi.

Nilikutana naye miaka mingi baadaye, mnadani Mikindani, amekuja kuuza pweza na ngisi. Mimi nilikuwa nimevaa tai. Tukasalimiana kwa furaha, kisha akaniuliza, "Hivi mwenzangu, kule mlishinda?" Nikamwambia tulitolewa mapema, nami sikuingia uwanjani hata dakika moja. Akacheka sana. Akasema, "Basi blanketi tu ndilo lililosafiri."

Ndugu zangu, ningeishia hapo mngeniona mtu mwema anayekumbuka rafiki. Lakini kuna la pili, na hili ni langu mwenyewe. Baada ya Chuo Kikuu niliajiriwa serikalini, na katika kuhamishwa huku na huku nilijikuta, katika halmashauri moja iliyo mbali na hapa, nikiwa katibu wa kikao cha kupanga msafara wa michezo ya shule. Fedha hazikutosha. Mwenyekiti wa kikao akauliza tupunguze wapi. Nikachukua kalamu, nikafuta riadha na mpira wa wavu, nikaacha mpira wa miguu na netiboli. Nilifanya hivyo kwa dakika mbili, na wajumbe wakanipongeza kwa uamuzi wa haraka. Usiku, nilipokuwa nakunja blanketi la mwanangu, ndipo nilipokumbuka kalamu ya mwalimu wetu. Yeye alikuwa na lori bovu mbele yake. Mimi nilikuwa na kiti cha kuzunguka.

Tangu hapo nimejaribu kuelewa ni kwa nini watu wasio na ubaya wowote, mmoja baada ya mwingine, wanaishia kumteremsha mtoto yule yule. Nimeona sababu nne.

Ya kwanza ni hesabu ya basi. Mapato ya shule yanakwenda kwa vichwa, gharama ya safari haiendi kwa vichwa. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya sekondari ya serikali imehesabiwa kwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Shule ya wanafunzi 300 huandikiwa, katika karatasi, shilingi 7,500,000. Ya wanafunzi 1,200 huandikiwa shilingi 30,000,000. Lakini timu ya mpira wa miguu ni watu kumi na mmoja kwa shule zote mbili, na mwenye basi hatapunguza bei kwa sababu wanafunzi mliowaacha nyumbani ni wachache. Kwa hiyo safari moja inayoipunguzia shule kubwa sabuni, inaipunguzia shule ndogo chaki.

Ya pili ni kombaini. Zamani shule za sekondari zilikuwa chache. Chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004, shule zilitoka 1,291 mwaka huo hadi 4,102 mwaka 2009, nyingi zikiwa shule za kata. Hilo ni jambo la kheri, na mtu asiniелewe vibaya. Lakini haiwezekani shule zote hizo zipande ngazi za UMISSETA kila moja na timu yake. Hivyo huchaguliwa kombaini ya wilaya, kisha ya mkoa. Shule ndogo hutoa kijana mmoja, pengine hakuna, na mchango wake hutoa kama wengine. Wale mia tatu waliobaki hawana timu ya kuishangilia, kwa kuwa jina la shule yao halimo.

Ya tatu ni mipaka. Mkoa wetu leo una halmashauri tisa. Shule mbili zinazosikiana kengele zaweza kuwa katika halmashauri mbili, kila moja ikaambiwa ikatafute mashindano upande wake. Hali kadhalika juu zaidi. Kulikuwa na miaka ambapo timu za shule zilikwenda taifa kwa kanda, na miaka mingine kwa mikoa. Ukisema Kusini, ramani inatuweka na Lindi na Ruvuma, na kutoka hapa hadi Songea ni zaidi ya kilomita 600. Ng'ambo ya mto, Palma iko karibu nasi kuliko Masasi, na watu wa pande zote mbili ni ndugu. Lakini hiyo ni nchi nyingine, na tangu vita vilipoanza Cabo Delgado mwaka 2017 hakuna mzazi atakayepeleka mwanawe huko kwa ajili ya mpira. Shule iliyo pembeni mwa nchi, yenye bahari upande mmoja na mpaka upande wa pili, haina majirani pande zote nne kama shule ya katikati. Kila anayechora duara kubwa, sisi ndio tulio ukingoni mwake.

Ya nne ni majira ya fedha. Mashindano makubwa ya shule huwa katikati ya mwaka. Michango ya msafara inatafutwa Mei na Juni. Nani hapa hajui hali ya nyumba ya mkulima wa korosho mwezi huo? Ndio kwanza ananunua salfa, ndio kwanza anapalilia, na fedha ya mnada ataiona kuanzia Oktoba. Tunamwomba mzazi wakati mfuko wake ukiwa mtupu kuliko wakati wote, kisha tunasema wazazi wa Mtwara hawathamini michezo.

Msidhani jambo hili ni letu peke yetu. Marekani, nchi tajiri, vyuo vikuu vinacheza katika ligi za ujirani, au ndivyo ilivyokuwa. Kwa ajili ya fedha za televisheni vyuo vikubwa vimekuwa vikihama ligi. Tangu 2024 chuo cha Stanford, kilicho upande wa bahari ya Pasifiki, kinacheza katika ligi ambayo jina lake ni la pwani ya Atlantiki. Ni kama sisi hapa kujiunga na ligi ya maziwa. Televisheni inataka mpira wao wa miguu wa Kimarekani, lakini wasichana wa mpira wa wavu nao wanapakiwa katika safari hiyo hiyo. Ligi waliyoihama ilikuwa na vyuo 12. Ikabakiwa na viwili, Oregon State na Washington State, ambavyo havikuchukuliwa na mtu. Na Machi 2025 chuo kidogo cha Saint Francis cha Pennsylvania kilitangaza kushuka kutoka daraja la kwanza hadi la tatu, siku chache tu baada ya timu yake ya mpira wa kikapu kucheza mashindano ya taifa. Hakikushindwa uwanjani. Kilichokishinda ni gharama ya kubaki juu.

Na hapa nyumbani tumeiona Ndanda. Timu yetu ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, na siku hizo mji huu ulikuwa hauna mtu wa kumpima shati fundi akiwa na mchezo Nangwanda Sijaona. Msimu wa 2018/19 ligi ikapanuliwa kutoka timu 16 hadi 20, na ikachezwa bila mdhamini mkuu. Fanyeni hesabu: michezo ya ugenini ikatoka 15 hadi 19, na mingine ni Bukoba, yaani kuipita nchi nzima. Msimu uliofuata ikaamuliwa ligi ipunguzwe tena, ifike timu 18, kwa hiyo waliotakiwa kushuka wakaongezwa. Ndanda ikawa miongoni mwao. Simo katika kumlaumu mtu. Timu nayo ilikuwa na makosa yake. Nasema tu kwamba ramani ilipotanuka tulilipa, na iliposinyaa tulilipa tena.

Najua yapo majibu. Mwalimu mmoja aliniambia nje hapo kwamba bila mashindano makubwa kipaji hakionekani. Ni kweli. Mwaka 2019, na tena 2021, mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalifanyika hapa hapa Mtwara. Watoto wetu waliwaona wenzao wa mikoa yote, na kwa mara moja safari ndefu ikawa ya watu wengine. Ilikuwa fahari kubwa, na mimi sitaki yafutwe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliwahi kuyasimamisha mashindano haya kwa hoja ya masomo, na wote tuliona jinsi viwanja vilivyoota majani. Lakini kipaji hakianzi taifa. Kijana wa Msimbati hakujulikana kuwa na mbio kwa sababu ya kituo cha siku sita. Alijulikana kwa sababu ya zile Jumamosi za muhogo na madafu. Tulipozifuta Jumamosi ili tulipie kituo, tulikata mti tukabaki tumeshika tunda.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, nina mapendekezo manne, na naomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kwanza, shule yetu iwaandikie majirani zake wote wa pwani hii, bila kujali wako halmashauri gani, tuanzishe tena ligi ya Jumamosi. Sharti lake liwe moja: timu iende na kurudi siku hiyo hiyo. Panapohitaji kulala, hapo si pa ligi yetu. Vyuo vya hapa mjini navyo vikaribishwe, kwa kuwa navyo ni vidogo mbele ya vyuo vya Dar es Salaam, na shida yao ya nauli ni kama yetu.

Pili, gharama igawanywe kwa vichwa. Mgeni alipie gari, mwenyeji atoe chakula, na gharama za waamuzi zichangwe kwa idadi ya wanafunzi wa kila shule, isiwe kila shule sawa kwa sawa.

Tatu, mfuko wa chama chetu usinunue tena jezi. Kila mwaka tunanunua jezi, tunapiga picha, na picha inatoka katika jarida hili. Jezi za mwaka juzi ziko stoo, nimeziona asubuhi hii, baadhi hazijatolewa katika mfuko. Fedha hiyo iwe ya mafuta ya gari. Picha ya dizeli haipendezi, najua. Na ikusanywe Oktoba hadi Desemba. Napendekeza kila mwanachama atoe thamani ya kilo tano za korosho kwa bei ya mnada wa kwanza wa mwaka huo. Mwenye mikorosho na asiye nayo watoe sawasawa, kisha fedha ikae benki hadi ihitajiwe.

Nne, na hili ni kwa walimu na kwa makarani wenzangu: orodha inapozidi gari, asifutwe mchezaji wa mchezo mdogo ili apande mchezaji wa akiba wa mchezo mkubwa. Mtoto wa riadha anahitaji nafasi moja tu. Haitaji golikipa wala nyavu. Ukimwacha yeye umeuacha mchezo mzima, na ukimwacha wa akiba umemwacha mtu mmoja. Nasema hivyo nikiwa mtu wa akiba niliyepandishwa.

Vijana wa madirishani, nanyi nina neno kwenu. Msingoje sisi tumalize vikao. Uwanja upo na Jumamosi ipo. Waandikieni majirani barua ya mwaliko kesho, muhogo tutawatafutia.

Ndugu Mwenyekiti, nimekwisha sema kwamba nilibaki na blanketi. Lilichakaa miaka mingi iliyopita, wala siwezi kulirudisha. Lakini kilo zangu tano za kwanza ninazitoa leo, mkononi, kwa bei ya mnada uliopita, na mtunza fedha aniandikie stakabadhi. Asiandike jina langu. Aandike: deni la 1998.